Nembo si pambo, ni ahadi

Wahenga wetu walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa mtu aliyekula chumvi nyingi akichora nembo, vibandiko vya bidhaa na mabango ya biashara, methali hii ni kama mashtaka mbele ya hakimu. Ikiwa kizuri chajiuza chenyewe, mchoraji ana kazi gani? Je, si kweli basi kwamba yeye ni mpambe wa vibaya, alipwaye ili avitembeze?

Swali hili nimeulizwa mara nyingi na wanafunzi wa shule za upili ninapoalikwa kuzungumza nao juu ya ajira. Walimu nao huniuliza, ingawa wao huliuliza kwa adabu zaidi. Ni swali la haki, nami naona lastahili jibu la hadharani, hasa kwa kuwa mfumo wa elimu ya umilisi unamtaka kila mwanafunzi wa sekondari pevu achague mojawapo ya mikondo mitatu, na mmoja wa mikondo hiyo ni wa sanaa na sayansi ya michezo. Mtoto anayesimama kwenye njia panda hiyo anastahili kuambiwa ukweli juu ya kazi hii na mtu aliyeifanya.

Mimi nimeifanya tangu mwaka 1983. Nilianzia katika kiwanda kidogo cha uchapishaji karibu na River Road, jijini Nairobi, nikikata karatasi na kupangusa wino kwenye mashine, hadi siku fundi mkuu aliponikabidhi kalamu na rula. Tangu hapo nimechora pakiti za unga, kadi za harusi, kalenda, vyeti, beji za shule na nembo za vyama vya ushirika. Mengi niliyojifunza yamepitwa na wakati. Machache yamedumu, na hayo ndiyo nitakayoyaeleza hapa.

USO WA ASIYEKUWAPO

Tuanze na hiyo methali. Hapana shaka kwamba ilizaliwa katika soko ambalo mnunuzi alimjua muuzaji. Mama aliyenunua maziwa kwa jirani yake hakuhitaji kibandiko chochote. Alimjua jirani, alimjua ng'ombe, na maziwa yakichacha alijua mlango wa kubisha. Uso wa muuzaji ulitosha kuwa dhamana.

Lakini bidhaa ikianza kusafiri kutoka Thika hadi Lodwar, uso wa muuzaji hausafiri nayo. Kitu kingine hakina budi kusafiri badala yake, na kitu hicho ndicho nembo. Nembo ni uso wa muuzaji asiyekuwapo. Kizuri bado chajiuza, lakini sharti kwanza kitambulike miongoni mwa vinavyofanana nacho, vikiwamo vibaya vilivyovaa nguo za vizuri.

Mfano bora wa jambo hili hauko New York wala London, bali uko Mombasa. Mwaka 1887 Kaderdina Hajee Essak, aliyefahamika zaidi kwa jina la Abdulla, alianzisha biashara ya nguo mjini humo. Kanga zake zikawa na maandishi madogo yanayosema kwamba ni mali ya Abdulla, pamoja na herufi tatu za jina lake, K.H.E. Zaidi ya karne moja imepita na wanunuzi bado huitafuta alama hiyo kwenye kitambaa kabla ya kufungua mkoba. Hakuna anayeitazama kwa sababu ya uzuri wa herufi zake. Huitazama kwa sababu vizazi kadhaa vya wanawake viliifua kanga hiyo, vikaianika juani, na rangi haikuwasaliti.

Tukiwa bado kwenye kanga, naomba walimu wa sanaa waitazame upya. Kanga ina pindo linaloizunguka pande zote, ina mji katikati, na ina jina, yaani ule ujumbe mfupi. Hapo zamani maandishi hayo yalikuwa kwa hati za Kiarabu, na baadaye yakawa kwa hati za Kirumi. Pindo huweka mpaka, mji hubeba picha, nalo jina hunena. Kila kimoja kina nafasi yake wala hakimwingilii mwenziwe. Vijana waliokuja kwangu kujifunza kazi niliwatandikia kanga mezani kabla ya kuwafungulia kitabu chochote cha kigeni. Aliyeelewa kwa nini maneno ya kanga ni machache, na kwa nini yamewekwa pale yalipo, alikuwa ameshajifunza nusu ya kazi yangu.

MSOMAJI ASIYEJUA KUSOMA

Funzo la pili nililipata kwa watoto wa chekechea. Katika mitaa yetu mtoto hutumwa dukani kabla hajaweza kusoma. Huambiwa alete mafuta ya Kasuku au unga wa Jogoo, naye hurudi na kitu kilekile alichotumwa, kwa maana amemwona kasuku na amemwona jogoo. Aliyebuni majina hayo aliliweka jina na picha kuwa kitu kimoja, hata asiyejua alifu wala be akaweza kusoma.

Vyama vya siasa navyo vililijua jambo hilo. Katika uchaguzi wa vyama vingi wa mwaka 1992, jogoo alikuwa wa KANU, taa ilikuwa ya DP na simba alikuwa wa FORD-Kenya. Mzee ambaye hakuwahi kukanyaga darasa aliweza kuingia katika chumba cha kura akaweka alama mahali alipotaka, bila kumnong'onezea mtu chaguo lake. Mchoro mdogo kwenye karatasi ulimlindia siri yake. Tunaposema kwamba uchoraji ni mchezo wa watoto, yafaa tumkumbuke mzee huyo.

Benki ya Equity, ambayo ilianza mwaka 1984 kama chama cha ujenzi wa nyumba, ilishika picha ya nyumba yenye paa, na hata ilipogeuka kuwa benki kamili mwaka 2004 haikuitupa. Mkulima anayeshuka kwenye matatu mjini huiona nyumba hiyo kutoka upande wa pili wa barabara, akaelekea huko bila kuuliza njia.

Kutokana na mifano kama hii nilijiwekea mtihani ambao sijawahi kuuacha. Nembo niliyoichora sharti ionekane ikiwa imepunguzwa hadi ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Sharti ibaki na maana ikichapishwa kwa wino mweusi peke yake kwenye karatasi hafifu. Na sharti mtoto aweze kuichora mchangani kwa kijiti baada ya kuiona mara mbili. Ikishindwa katika mojawapo ya hayo, hurudi mezani.

KISIMA

Mtihani huo ndio unaozishinda beji nyingi za shule zetu. Nasema haya kwa heshima, maana najua walimu wanaosoma gazeti hili wengi wao wameketi katika kamati za kubuni beji hizo. Utakuta ngao, ndani ya ngao mna kitabu kilichofunuliwa, juu ya kitabu pana kalamu, nyuma ya kalamu pana mlima, nyuma ya mlima jua linachomoza, kando pana mwenge, na siku hizi lazima kompyuta ipate pembe yake. Chini kuna utepe wenye maneno manne ya Kilatini ambayo hata mwalimu mkuu huyatafsiri kwa kubahatisha. Beji hiyo ikishonwa kwenye sweta, huonekana kama doa la uji.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa na shule moja ya mashariki mwa nchi, mahali ambapo mvua ni ya kubahatisha. Bodi ilinikabidhi orodha ya vitu 9 ambavyo vilipaswa kuwamo kwenye beji, na kila kimoja kilikuwa na mtetezi wake mezani. Nikawauliza swali moja tu: shule hii ikifungwa kesho asubuhi, watu wa hapa watakosa nini ambacho hawawezi kukipata kwingine?

Kukawa kimya. Mwenyekiti akataja elimu. Mwalimu mkuu akataja nidhamu. Kisha mama mmoja mzee, ambaye hakuwa amesema lolote tangu asubuhi, akasema, "Maji, mwanangu. Kiangazi kikija, kijiji kizima chanywa hapa."

Ilibainika kwamba shule hiyo ilikuwa na kisima kirefu, na kwamba tangu kilipochimbwa lango halikuwahi kufungwa kwa jirani mwenye mtungi. Nikachora kisima, na juu yake tone moja. Mwalimu mkuu alikuwa na wasiwasi. "Mzee," akaniambia, ingawa wakati huo mvi zangu zilikuwa chache, "wenzetu watasema hatuna kompyuta." Yule mama akamjibu kwamba watakaosema hivyo waje wanywe maji kwanza. Beji ikapita.

Nilipopita huko baadaye niliwakuta watoto wameichora kwenye majalada ya madaftari yao, kwenye ubao, na hata kwenye vumbi la uwanja wa mpira. Sidai kwamba ustadi wangu ulikuwa mkubwa, kwani duara, mistari miwili na tone haviwezi kumpa mtu tuzo. Walichokichora watoto hao ni kitu walichokijua kuwa kweli.

Funzo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Mteja aghalabu huja akitaka kuongezewa, nayo kazi ya mchoraji ni kupunguza hadi kinachobaki kiwe ndicho hasa. Harry Beck alikuwa mchoraji wa michoro ya mitambo huko London. Mwaka 1931 aliichora upya ramani ya reli ya chini ya ardhi, akaacha mizunguko na umbali halisi, akabakiza mistari iliyonyooka na majina ya vituo. Mwanzoni wakubwa waliikataa. Ilichapishwa mwaka 1933, na leo hii ramani za reli katika miji mingi ulimwenguni huchorwa kwa namna hiyo. Beck aliuliza abiria anataka kujua nini, akayaondoa mengine yote.

MATENDO NDIYO YANAYOCHORA

Funzo la tatu litawashangaza wanafunzi. Nembo peke yake haina maana. Maana huletwa na matendo ya wenye nembo.

Itakumbukwa kwamba katika kura ya maamuzi ya tarehe 21 Novemba 2005 juu ya mswada wa katiba, Tume ya Uchaguzi ilitoa alama mbili: ndizi kwa waliounga mkono na chungwa kwa waliopinga. Matunda hayo hayakuwa na siasa yoyote. Mama mboga aliyauza yote mawili kwenye meza moja. Lakini baada ya wiki chache za mikutano ya hadhara, mtu hakuweza kula ndizi sokoni bila kutaniwa. Upande wa chungwa ulishinda kwa takribani asilimia 58 ya kura, na tunda hilo likazaa vuguvugu, kisha chama ambacho bado kinalitumia jina lake. Hakuna mchoraji aliyeyafanya hayo. Ni watu, hotuba, hasira na matumaini yao.

Marekani nako kuna kisa kinachosimuliwa katika kila chuo cha uchoraji. Mwaka 1971 Carolyn Davidson, aliyekuwa mwanafunzi katika chuo kikuu cha Portland State, alichora alama ya mkunjo ambayo leo iko kwenye viatu vya Nike. Alilipwa dola 35. Baadaye, mwaka 1983, kampuni hiyo ilimtunuku pete na hisa. Mkunjo ule ulipochorwa ulikuwa mstari tu. Miaka mingi ya mbio na wanariadha ndiyo iliyoufanya uwe na thamani.

Nasi tuna mstari wetu. Mnamo Februari 2004 sheria za Waziri John Michuki zilianza kutumika, na kila matatu ikatakiwa kupakwa ukanda wa manjano ubavuni, pamoja na kufungwa mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo. Kwa muda, ukanda huo ulikuwa ahadi ya kweli, kwani ulimwambia abiria kwamba atapata kiti chake na gari halitakimbia kuliko kilomita 80 kwa saa. Nidhamu ilipolegea katika njia nyingi, ukanda ulibaki palepale ukiwa manjano vilevile. Rangi haikupauka, ila imani ya abiria ndiyo iliyopauka.

Kwa hiyo mteja anapoingia ofisini kwangu akisema biashara yake imedorora na anataka nembo mpya, huwa namuuliza kwanza juu ya bidhaa yenyewe, namna anavyowajibu wanaolalamika, na kama mizani yake ni ya haki. Wengine hukasirika na kuondoka. Wengine hurudi nyumbani, wakarekebisha mizani, na mwishowe hawahitaji nembo mpya.

MANENO MADOGO

Sasa nifike kwenye jambo lililonisukuma kuandika. Katika kazi hii kuna siku ambayo kalamu hugeuka kuwa silaha, na mchoraji hana budi kuamua ataielekeza wapi.

Mfanyabiashara mmoja alinijia akitaka pakiti ya sumu ya panya. Alitaka rangi za waridi na manjano, na picha ya panya wa katuni anayecheka, ili pakiti ipendeze macho kwenye vibanda vya mitaani. Onyo alitaka liwe kwa Kiingereza, chini kabisa, kwa herufi ambazo mimi mwenyewe niliyekuwa na macho makali nilizisoma kwa shida. Nilimweleza kwamba pakiti hiyo ingefanana na ya peremende. Nikamwambia kwamba wanunuzi wake wengi wangeisoma kwa Kiswahili, kwa hiyo neno SUMU lingepaswa kuwa kubwa kuliko hata jina la bidhaa.

"Bwana, wewe chora tu," akanijibu. "Mambo ya kusoma waachie wanunuzi."

Sikuichora. Fedha zake zilikuwa nyingi kwa mtu mwenye karo za watoto watatu za kulipa, nami nilizihisi zilivyokuwa zikitoka mlangoni pamoja naye. Alipata mchoraji mwingine. Miezi michache baadaye niliiona pakiti hiyo katika kibanda kimoja cha mtaani, imepangwa kando ya biskuti za watoto, kwenye kimo cha mtoto wa miaka minne. Nilizungumza na mwenye duka. Alikuwa mtu mwelekevu, akaihamisha hadi rafu ya juu kabisa. Kumbe hata yeye hakuwa amelisoma lile onyo.

Wapo wanaosema kwamba mchoraji ni mtumishi wa mteja, na kwamba yaliyomo ndani ya pakiti hayamhusu. Sikubaliani nao hata kidogo. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 46, inampa kila mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari anazozihitaji ili afaidi bidhaa hiyo, pamoja na haki ya kulindiwa afya na usalama wake. Kifungu cha 7 nacho kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Ukiviweka vifungu hivyo viwili pamoja, utaona kwamba onyo lililofichwa kwa herufi za sisimizi na katika lugha asiyoielewa mnunuzi ni kumnyima haki yake. Na mkono unaozipanga herufi hizo si wa wakili wala wa waziri. Ni mkono wa mchoraji.

Walimu wa Kiswahili watanielewa hapa. Tumezoea kuitetea lugha yetu katika ushairi na riwaya, na vema tufanye hivyo. Lakini lugha inayookoa mtoto ni ile iliyoandikwa kwenye chupa ya dawa. Inasikitisha kwamba tunaweza kumfunza mwanafunzi kuchambua tamathali za usemi kwa miaka minne, na bado akamaliza shule bila kuandika hata mara moja maelezo sahili ya namna ya kutumia dawa ya mifugo.

MALI YETU

Funzo jingine ni juu ya umiliki. Maneno "hakuna matata" yalivuma katika wimbo "Jambo Bwana" wa bendi ya Them Mushrooms ya huko Mombasa mnamo mwaka 1982. Mwaka 1994, filamu ya simba ya kampuni ya Disney ilipotoka, kampuni hiyo iliomba kuyasajili maneno hayo nchini Marekani kuwa alama yake ya biashara kwa ajili ya mavazi, na mwaka 2003 ikasajiliwa. Wengi wetu tulikuja kutanabahi mwaka 2018, malalamiko yaliposambazwa na zaidi ya watu 100,000 wakatia sahihi. Tuwe wakweli: usajili huo hautuzuii kuyatamka maneno yetu. Hata hivyo unatukumbusha kwamba katika ulimwengu wa biashara, kitu kisichoandikwa jina huonekana hakina mwenyewe.

Kikoi nacho kiliponea chupuchupu. Kampuni moja ya Uingereza iliomba kulisajili jina hilo huko kwao, na ombi likaondolewa mwaka 2008 baada ya kupingwa. Lingekubaliwa, mfumaji wa Kenya angepata taabu kuuza kikoi huko akikiita kikoi.

Hapa nchini, alama za biashara husajiliwa na Taasisi ya Mali ya Kiviwanda ya Kenya. Usajili hudumu kwa miaka 10 na waweza kufanywa upya. Nimewaona vijana wakibuni jina zuri la sabuni au asali ya kijijini kwao, wakalitangaza kwa jasho, halafu mjanja mmoja mwenye mtaji akalisajili kabla yao. Mwalimu wa somo la biashara anayewafunza wanafunzi wake jambo hili moja atakuwa amewapa urithi.

KOMPYUTA NA JICHO

Nilipoanza kazi, tulikuwa tukisugua herufi za Letraset moja moja kwenye karatasi, tukikata kwa wembe na kubandika kwa gundi. Herufi moja ikipinda, mtu hurudia mstari mzima. Kisha Macintosh ilitoka mwaka 1984, programu ya PageMaker ikafuata mwaka 1985, na Photoshop mwaka 1990. Zilipotufikia, kazi ya siku tatu ikawa ya saa tatu. Wazee kadhaa wa kiwandani walikunja virago, wakiamini kwamba ufundi umekufa. Tangu mwaka 2022 zimezagaa programu za akili unde ambazo humchorea mtu nembo 50 kabla hajamaliza chai yake, na sasa ni vijana wanaoniuliza kama ufundi umekufa.

Jibu langu ni lilelile nililowapa wale wazee. Mashine huchora ilichoambiwa. Haikuketi kwenye bodi ya ile shule, haikunyamaza hadi yule mama akasema, na haimjui mtoto wa miaka minne aliyesimama mbele ya kibanda. Atakayepoteza kazi ni yule ambaye siku zote alikuwa akinakili. Anayejua kuuliza, kusikiliza na kukataa ataitumia mashine kama tulivyoutumia wembe.

Wembe wenyewe ulikata vidole vya wazembe, na programu hizi nazo zina makali yao. Nembo iliyokusanywa kutokana na maelfu ya michoro ya watu yaweza kufanana mno na ya mwingine ambaye hukuwahi kumsikia. Kabla ya kuipeleka kwa mteja, sharti itafutwe katika daftari la alama zilizosajiliwa.

OMBI KWA WALIMU

Nahitimisha kwa ombi. Kwa miaka mingi katika shule zetu, sanaa imekuwa chumba cha kuwahifadhi walioshindwa hesabu. Mzazi akiambiwa kwamba mwanawe ni hodari wa kuchora, hupokea habari hizo kama mtu aliyepewa pole. Hali hii ni mbaya kwa watoto, na ni mbaya kwa nchi, maana kila kiwanda tunachokijenga, kila dawa tunayoitengeneza na kila kura tunayoipiga itahitaji mtu wa kuifanya ieleweke.

Walimu hawahitaji maabara wala kompyuta ili kuanza. Waambie wanafunzi walete pakiti tupu 10 kutoka jikoni na dukani. Waulize: onyo liko wapi? Limeandikwa kwa lugha gani? Bibi yako angelisoma? Kisha wape karatasi na kalamu ya risasi, waandike onyo hilo upya kwa Kiswahili fasaha cha maneno yasiyozidi 12, na kulipanga mahali linapoonekana. Katika kipindi kimoja watakuwa wamejifunza lugha, sanaa, sayansi na uraia.

Nanyi wanafunzi mtakaoifuata njia hii, jizoezeni kuchora herufi kwa mkono hadi mzijue kama mnavyozijua sura za ndugu zenu. Kabla hamjagusa kazi ya mtu, patana naye malipo, na mapatano yawe kwa maandishi, hata kama mteja huyo ni mjomba. Msinakili alama ya mwingine kwa sababu mteja ana haraka. Na mtakapoletewa ile pakiti ya waridi na manjano, kwa maana mtaletewa, kumbukeni kwamba jina la mchoraji haliandikwi kwenye pakiti. Hakuna atakayewajua mkiichora, na hakuna atakayewasifu mkiikataa. Ikataeni hata hivyo, na mkipita kibandani mkaikuta imewekwa kando ya biskuti, mwombeni mwenye duka aipandishe juu.